Mpangaji Aliyeuliza Tulikotoka

Baba yangu aliitwa Zuberi Gama, na mama yangu Sikudhani binti Luambano. Wote wawili walizaliwa Ungoni, upande wa Peramiho, na hakuna kati yao aliyerudi kuzikwa huko. Mimi Mwanahawa nilizaliwa katika kambi ya wakata mkonge si mbali na Kimamba, katika chumba ambacho ukuta wake uligawa familia mbili lakini haukufika darini, hivyo hata kilio changu cha kwanza kilisikika kwa jirani kana kwamba ni cha mwanawe. Andika hivyo hivyo, Zuhura, usipambe. Habari za ukoo zinakomea hapo, kwa kuwa si hizo ulizoniomba. Uliomba jibu la swali uliloniuliza wiki iliyopita tulipokuwa tukingoja basi Mikumi, pale penye vibanda vya chipsi, alipotokea mwanamume mwenye mkoba wa turubai begani, akanisalimu shikamoo kwa adabu zote, nikaitika marahaba, halafu hapo hapo akasema kwa sauti iliyowageuza shingo abiria, "Kumbe Wangoni bado mpo? Siku hizi mnapigana na nani, na pombe mnaipata wapi?" Ulikunja uso ukataka kumjibu. Mimi nilicheka. Nadhani kicheko changu kilikushtua kuliko tusi lake, maana umeishi nami muda wa kutosha kujua kwamba sicheki ovyo. Ndani ya basi ukaniuliza, "Bibi, yule ni nani, na kwa nini umemwachia?" Sikukujibu kwa sababu basi lina masikio mengi. Sasa tuko ndani na mlango umefungwa.

Wazee wengi wakiombwa kusimulia mwaka mmoja huchagua mwaka wa ujana. Mwaka ulionigeuza mimi ulinikuta tayari nina mvi na eda ya babu yako nimeshaimaliza. Sikusoma hata darasa moja. Mtu ambaye hakusoma hulazimika kuishi kwa kusikia, na anayeishi kwa kusikia hujifunza mapema kwamba watu husema jambo moja barazani na jingine jikoni. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kuamini upesi, wala sijawa hivyo mpaka leo. Mwaka ule nilikuwa na sababu ya ziada. Shamba la Kisanga, lile la bondeni lenye udongo mweusi, alipewa mama yangu na wazee wa ukoo wa Kisagara baada ya baba kufa na mama kuhama kambini akiwa amenishika mkono. Hakukuwa na karatasi, neno la wazee lilitosha. Baadaye niliolewa katika ukoo ule ule, na kwa kuwa kwa Wasagara mtu ni wa ukoo wa mama yake, babu yako alipofariki mashamba yake yalikwenda kwa wapwa zake. Sikulalamika, ndiyo desturi. Langu lilibaki lile la mama yangu. Lakini mkubwa wa wapwa hao, Hamisi, alikuwa na shamba lililopakana na langu, na alikuwa katibu wa kamati ya ardhi ya kijiji.

Ugomvi wa wakulima na wafugaji ulikuwa umechosha watu, ikaamuliwa kijiji kipimwe na kila shamba lipewe mwenyewe kwa hati. Kamati ikapita nyumba kwa nyumba ikiuliza maswali mawili: mlitoka wapi, na mlifika lini? Wenyeji wa asili wangeandikiwa kwanza, wengine wangesubiri, na kila mtu mwenye akili alielewa kwamba anayesubiri hatapata kitu. Waliponifuata hapa mjini Kilosa, ninakoishi huku nikilima Kisanga, niliwajibu kwamba nilikuwa nikilima pale kabla hawajazaliwa. Hamisi alitabasamu. "Hilo tunalijua, Mama," alisema, kwa maana daima ameniita Mama. "Tunauliza asili." Nikawaambia uji wangu unamwagika jikoni, wakaondoka. Wazee waliojua jinsi mama yangu alivyofika Kisanga walikuwa wamebaki wachache, na sikujua ni yupi kati yao angesimama upande wangu. Nilichojua ni kwamba siku itakaposemwa mbele ya watu kuwa mimi ni mtoto wa manamba, vibarua walioletwa na malori kutoka kusini, Hamisi atavuka mpaka na jembe lake.

Mwezi uliofuata, Hamisi huyo huyo alinijia nyumbani hapa Mabwerebwere. Binti yake Mwajuma alikuwa anasoma sekondari mjini Kilosa, na yeye Hamisi alikuwa ametoka shuleni kumlipia mahitaji. "Mama," alisema, "kuna mwalimu mgeni anatafuta chumba. Kijana mstaarabu. Nimemwambia chumba chako cha uani kiko wazi." Nilijiuliza tangu lini Hamisi ananitafutia neema. Lakini chumba kilikuwa kitupu kweli, na kukataa kungeonyesha kwamba naogopa, kwa hiyo nikakubali nikijua kuwa nimekubali kulala na macho wazi. Mwalimu akaja na godoro, ndoo, mkoba wa turubai na katoni za vitabu. Aliitwa Masanja, Msukuma wa Shinyanga, mwalimu wa historia. Nilipofagia chumba chake siku ya kwanza, kabla hajaniambia kwamba atafagia mwenyewe, nilikuta amekwisha kubandika ukutani ramani mbili, moja ya dunia na moja ya nchi yetu, na hii ya nchi ilikuwa imechorwa mistari ya kalamu nyekundu, mmoja ukipita hapa hapa Kilosa. Nikamuuliza ni mistari ya nini. "Njia za misafara ya zamani, Bibi. Wapagazi walipita hapa wakitoka pwani." Nikamwambia vyema. Moyoni nilisema kwamba hata mtu anayekuja kukata ardhi za watu huanza na ramani, na yeye pia huwa na jina zuri la kuipa mistari yake.

Bi Chiku, jirani yangu wa upande wa chini, alitia mafuta kwenye moto. Alikuwa akija jioni kukaa kwenye kibao cha mbuzi huku nikichambua mlenda, akizungumza bila kushusha pumzi. "Mwanahawa, Msukuma asiye na ng'ombe umewahi kumwona? Ng'ombe wa huyo wako mahali. Amewatangulia tu kuja kutazama majani." Nikamwambia huyu ana vitabu. "Ndiyo hivyo sasa! Mwenye vitabu ndiye anayetumwa. Juzi nimeambiwa alikwenda kule mbugani, kwenye maboma ya wafugaji wa Kimang'ati, akanywa maziwa, akarudi anaandika." Siku ile nilimpima mwalimu kwa chakula. Nilimpelekea ugali wa dona na mlenda, nikasimama mlangoni nimtazame. Mtu mwenye siri hula haraka. Yeye alikula taratibu, akasifu, kisha akafungua mfuko akanipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo mama yake alimtumia kwa basi. Nilivinusa kabla ya kuvipokea. Aliniona nikinusa wala hakusema kitu, na hilo nalo nililiweka akilini.

Jumamosi aliwafundisha wanafunzi wa kidato cha nne barazani kwangu, maana mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia na darasani hawakumaliza mada. Walikaa kwenye mikeka na benchi, yeye akisimama mbele ya ubao mdogo aliouegemeza kwenye nguzo. Historia ya dunia aliifundisha kwa Kiingereza, nami jikoni nilisikia sauti tu ikipanda na kushuka, mara kama mtu anayeshitaki, mara kama anayeomba radhi, na wanafunzi kimya kama waliomwagiwa maji. Lakini historia ya nchi aliifundisha kwa Kiswahili, na hapo baraza lilichangamka na jikoni kwangu kazi ilisimama. Siku moja alifundisha jinsi Wangoni walivyokuja kutoka kusini ya mbali. Msichana mmoja akauliza kwa nini waliacha kutembea walipofika Songea. "Vitabu vina majibu yao," mwalimu alisema, "ila mimi ni Msukuma na Wangoni ni watani wangu, kwa hiyo nitawaambia ukweli. Walipigana njia nzima na kila waliyemkuta. Walipofika Songea hawakusimama kwa sababu wameshinda. Walisimama kwa sababu pombe ilikuwa imeiva." Wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nasonga ugali, na mwiko uligonga sufuria kwa nguvu ambayo ugali haukuihitaji. Elewa adhabu niliyokuwa nayo, Zuhura. Mtani akikutania, haki yako ni kumjibu mara mbili, na majibu nilikuwa nayo tele, mama yangu alinifundisha toka mdogo jinsi ya kumvua nguo Msukuma kwa maneno. Lakini kumjibu ni kusema mimi ni Mngoni. Kwa hiyo nilimeza. Akarudia Jumamosi nyingine, na nyingine tena, kila mara akipata mzaha mpya, nami nikizidi kuugonga mwiko.

Lililonitia hofu zaidi ni somo la manamba. Sikujua kuwa mambo yale yanafundishwa. Nilidhani yalikuwa ya kwetu tu, ya aibu, ya kusemwa kwa kunong'ona. Kumbe yupo kijana ambaye enzi zile hata hakuwa amezaliwa, amesimama barazani kwangu, anaeleza malori, mikataba, blanketi moja kwa mtu, namba iliyoandikwa kwenye kadi, mistari ya mkonge ya kumaliza kabla ya jua kukaza. Mvulana mmoja akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, hawakuwa na majina?" Mwalimu akamjibu, "Majina walikuwa nayo. Karani ndiye hakuyahitaji." Nilikaa kwenye kigoda. Baba yangu nilimkumbuka kwa kikohozi chake na harufu ya majimaji ya mkonge kwenye shati, basi. Kwa kitambo kidogo nilitamani kutoka nimwambie yule mvulana jina la baba yangu. Kisha nikamwona Mwajuma, binti wa Hamisi, amekaa mkeka wa mbele akiandika kwa bidii, na tamaa ile ikanitoka. Nikajiuliza kwa nini somo hili, kwa nini barazani kwangu, na kwa nini mbele ya mtoto huyu.

Haikupita muda mwalimu akawapa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi aende kwa mzee wa kwao amwulize: mlitoka wapi, na mlifika lini? Nilipoyasikia maneno hayo kupitia dirishani, niliweka mwiko chini. Yalikuwa ni yale yale ya kamati, hata mpangilio wake. Mji mzima ukashtuka. Jioni ile Bi Chiku alifika hajavaa hata kandambili. "Mjukuu wangu kaniuliza! Nimemfukuza na ufagio. Nimemwambia rudi kamwambie mwalimu wako kwamba sisi tulitoka chumbani tukafika sebuleni." Baba mmoja wa Kisanga alimpigia simu mkuu wa shule akitaka kujua nani anawatuma watoto kupeleleza mashamba. Wafugaji nao, nilisikia, waliwaambia watoto wao wajibu kwamba hawajui, kwa kuwa walidhani ni watu wa hifadhi ya Mikumi wanatafuta idadi ya ng'ombe. Mwalimu alikuja kukaa karibu na jiko langu, amechoka. "Bibi, nimekosea wapi? Swali la kwanza la historia ni hilo." Nikamwambia hapa kwetu hilo ndilo swali la mwisho. Akacheka kidogo, kisha akaniuliza, polepole, kama anayegusa chungu kujua kama ni cha moto, "Na wewe, Bibi, kwenu ni wapi?"

Hapo ndipo nilipomtegea. Niliwaza hivi: neno ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote nikimwambia huyu, kisha likarudi kwangu kupitia mdomo mwingine, nitajua limepita wapi. Nikamwambia mama yangu alizaliwa Mamboya, kule milimani. Mamboya sikuwa nimefika hata siku moja. Nililichagua kwa sababu liko mbali na Kisanga na lina jina zuri. Mwalimu akatikisa kichwa, akashukuru, akaenda chumbani. Nikangoja, na kungoja kwenyewe sikukuona kurefu. Hamisi alipopita kumletea binti yake mchele, alisimama uani kwangu, akanisalimu, akauliza hali ya mguu wangu, kisha akiwa tayari amegeuka kuondoka akasema, "Kumbe asili yenu ni Mamboya, Mama. Ulikuwa unatuficha nini?" Nikamwambia Mungu amfikishe salama. Mwalimu aliporudi kutoka shuleni alinikuta nimekaa mlangoni mwa chumba chake.

"Mamboya umemwambia nani?" nilimuuliza.

"Sikumwambia mtu, Bibi. Nilitoa mfano darasani, kuwaonyesha wanafunzi kwamba wazee wakiulizwa vizuri hujibu. Sikutaja jina."

"Wanafunzi wako hawajui unaishi kwa nani?"

Nikamwambia mwezi ukiisha atafute kwingine. Hakubishana, alisema tu, "Sawa, Bibi," na kutobishana kwake nilikuhesabu kuwa ni ushahidi. Leo najua kwamba Mwajuma ndiye aliyelibeba neno lile kwenda kwa baba yake, kwa usafi wa mtoto anayesimulia habari za shule. Lakini hata leo nakataa kuambiwa kwamba nilimshuku bure. Neno lilitoka kwake. Kwamba lilimponyoka badala ya kuuzwa, kwangu mimi mwenye shamba hakukuwa na tofauti.

Mkutano wa kijiji wa kupitisha majina ulifanyika Kisanga, katika darasa la shule ya msingi, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nilipoingia, wa kwanza kumwona alikuwa Mwalimu Masanja, amesimama nyuma pamoja na wanafunzi wake, Mwajuma akiwemo. Mwenyekiti alitangaza kwamba wamekuja kujifunza jinsi kijiji kinavyoandika habari zake. Mimi nilijifunza jambo jingine: kwamba mshale na upinde vimekuja pamoja. Majina yalisomwa, watu wakanyoosha mikono. Lilipofikiwa langu, Hamisi alisimama na hakuwa na haraka. "Mama yangu huyu ninamheshimu. Kamati ilipomwendea hakutaja asili. Baadaye ikasikika kwamba asili yake ni Mamboya. Ni kweli, Mama?" Watu wakanigeukia. Kabla sijafumbua mdomo, akamwashiria mzee mmoja mgeni aliyekaa karibu na dirisha. "Huyu mzee ni wa Mamboya. Anazijua koo za kule zote. Mtajie tu ukoo wa mama yako, tumalize." Yule mzee akanitazama kwa upole, akingoja. Mtego niliomtegea mwalimu ulikuwa umeninasa mimi, na aliyekuwa ameshika kamba alikuwa mpwa wa mume wangu. Nikitaja ukoo wa uongo, mzee ataukana. Nikinyamaza, mimi ni mtu asiye na kwao. Mvua ilikuwa inapiga bati, na watu walikuwa na subira mbaya.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Mwenyekiti, samahani. Mimi ni mgeni, kwenye ardhi sina neno. Naomba niseme kuhusu chakula cha mama huyu." Mwenyekiti alipigwa na butwaa, akaruhusu kwa kukosa la kufanya. "Nimekula kwake miezi yote hii," mwalimu alisema. "Ugali wake anausonga kama anayepigana nao. Sufuria inalia mpaka mtaa wa pili. Nikajiuliza, hivi ni Mamboya gani hii ya vita? Mngoni ni Mngoni tu, hata akijificha nyuma ya mlima atachungulia kuona kama kuna wa kugombana naye!" Wengine walicheka, wengine wakagutuka. Mimi nikajiambia: Amenitangaza. Mbele ya Hamisi, mbele ya hati, amenivua. Lakini alikuwa akinitazama kwa namna ya mtani aliyekwisha kurusha na sasa anangoja kurushiwa, na katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo mbele za watu. Niliona wazi kwamba nikikaa kimya nitabaki kuwa mwanamke wa Mamboya asiye na ukoo, na nikijibu nitakuwa Mngoni asiye na shamba. Kati ya hayo mawili, la pili angalau lilikuwa langu.

Nikasimama. "Na wewe Msukuma, nani amekuruhusu kuingia humu ukamwacha ng'ombe wako peke yake mvuani? Toka ukakae naye, ndiye mwenzio wa mazungumzo! Nyinyi mnaokausha viazi mpaka viwe vigae, halafu mnawapelekea watu mkidai ni zawadi! Ndiyo, mimi ni Mngoni. Mama yangu Sikudhani alikuwa Mngoni, na angekuwa hai ungekuwa umekwisha kufagia uwanja huu kwa ulimi. Chakula cha vita kimekushinda? Rudi kwenu ukale vumbi!" Darasa lilipasuka. Mwenyekiti mwenyewe aliinamisha kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Mwalimu Masanja alipiga goti moja chini, kama anavyopaswa kufanya mtani aliyeshindwa, akasema, "Nimekoma, Mama." Hamisi peke yake hakucheka. "Mmesikia wote," alisema. "Amekiri kwa kinywa chake. Si Mamboya, si Kisanga. Ni wa kuja."

Kelele zikatulia. Mzee Kibwana aliyekuwa amekaa benchi la mbele akasimama akishika ukuta. Huyu ukoo wake na ukoo wa akina Hamisi ni watani wa tangu na tangu, na desturi ya pale unaijua: akifa mtu wa ukoo, watani wake ndio wanaochimba kaburi, wanaomwiga marehemu, na mmoja wao hushuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka alipwe. "Hamisi," mzee alisema, "leo nikutanie au nikuambie? Chagua." Hamisi akasema, "Niambie, mzee." "Basi kaa chini. Mama wa huyu alipokufa, mimi nilikuwa kijana. Babu yako, mjomba wa mama yako, ndiye aliyetuma watuite. Nikashuka kaburini nikalala chali. Nikasema, sitoki, mwanamke huyu alininyima mahindi mabichi mwaka jana na kwa Kingoni akanitukana, leo lazima nilipwe. Babu yako akacheka huku analia, akanipa jogoo mwekundu. Sasa nijibu. Kazi ile sisi tunaifanyia nani?" Hamisi alitazama sakafu. "Watu wa ukoo." "Ukoo upi?" "Wetu." "Basi yule jogoo nilimla kwa wizi?" Hakuna aliyecheka safari hii, au kama walicheka mimi sikusikia. Mwenyekiti akauliza kama yupo anayepinga. Yule mzee wa Mamboya ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kukubali, ingawa hakuwa na haki ya kupiga kura, na hakuna aliyemkumbusha.

Ninataka uelewe kilichonipata, kwa maana si shamba peke yake. Siku alipozikwa mama yangu mimi nilikuwa ndani, nimefunikwa khanga, nimezungukwa na wanawake. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Wanaume walirudi, wakanawa mikono, wakala, na hakuna aliyenieleza lolote, na mimi sikuuliza. Kwa hiyo nilizeeka nikiamini kwamba mama yangu alizikwa kwa hisani, kimya kimya, kama wanavyozikwa wageni. Kumbe alichekewa. Kumbe alidaiwa mahindi mabichi. Wazee walikwisha kumfanya wao kwa njia ambayo katika nchi ile haitenguliwi, nami kwa miaka yote hiyo nilikuwa nalinda kwa hofu kitu kilichokuwa kimekwisha kulindwa.

Tulirudi Mabwerebwere na gari moja, mimi na mwalimu, na njia nzima sikumsemesha. Nilipomkuta anakunja godoro, nikamwambia aliweke chini. Kisha nikamuuliza alijuaje. "Mwiko, Bibi," alisema. "Nilipowatania Wahehe uliendelea kusonga. Nilipowatania Wanyakyusa uliendelea kusonga. Nikiwagusa Wangoni tu, sufuria inalia. Sikuwa na uhakika. Na nisingesema kama ningeona mlango mwingine." Nikamuuliza, na kama nisingejibu? "Ningekuwa nimekuangamiza," alisema. Jibu hilo lilinipendeza, kwa sababu halikuwa na utamu. Tangu Jumamosi iliyofuata alibadilisha kazi ya wanafunzi wake. Aliwakataza kumuuliza mzee habari zake mwenyewe. Aliwatuma kwa watani: ukitaka kujua ukoo wako ulitoka wapi, nenda kwa mtani wenu, mchokoze, atasema yote na hakuna atakayekasirika. Bi Chiku, ambaye alikuwa amemfukuza mjukuu wake na ufagio, alipokea wanafunzi wa ukoo wa watani wake mpaka uji ukaniishia kwa ajili yao, akiwamwagia aibu za babu zao kwa furaha ambayo sijaiona kwake tena. Barazani kwangu watoto walisoma walichopata, wakazomeana, na mwalimu akawa anauliza, "Umelisikia kwa nani? Na mwingine anasemaje?" Mwisho wa mwaka akahamishiwa Mikumi, ndiko tulikomkuta tukingoja basi. Hakuna aliyetaja sababu. Mimi namshuku Hamisi, lakini kwa kuwa sina shahidi, andika kwamba ninashuku, usiandike kwamba ninajua.

Sasa sikiliza ya kuweka. Hati ya Kisanga iko kwenye sanduku, iweke, lakini usidhani ndiyo iliyotupa shamba. Hamisi ukimkuta njiani mpe shikamoo yake, ni mkubwa wako, na usimweleze mipango yako. Siku yangu itakapofika, mpigie simu Mwalimu Masanja na umtafute mtu wa nyumba ya Mzee Kibwana. Usiwakalishe na wageni, na mtu asiwanyamazishe hata waseme nini juu yangu. Wewe hutakwenda makaburini. Utabaki ndani na wanawake, utakuwa na huzuni, na utatamani kulala. Usilale. Wanaume wakirudi, kabla hawajanawa mikono, mwite mmoja wao pembeni umwulize kilichosemwa pale kaburini, nani alikisema, na alilipwa nini, ukiandike. Kisha mwite mwingine, umwulize hayo hayo, yule wa kwanza akiwa mbali.